Makaratasi ya ndege: ushike nini ukiruka ndani ya nchi na ukitoka nje

Mimi nakata tiketi, hiyo ndo kazi inayoniweka mjini hapa Dar, na nikwambie ukweli, abiria anayeachwa na ndege mara nyingi sio kwamba hana pasipoti. Anayo, tena mpya, ila jina la mule ndani na jina la kwenye tiketi ni kama ya watu wawili tofauti. Au pasipoti iko sawa, viza iko sawa, ila njiani anapita nchi ambayo na yenyewe inamtaka viza na hakuna aliyemwambia. Kwa hiyo kabla hujauliza "nabeba karatasi gani", jua kwanza kwamba karatasi zako zote lazima ziwe zinasema kitu kimoja, kuanzia cheti cha kuzaliwa, NIDA (kitambulisho cha taifa), pasipoti, viza, mpaka tiketi. Na anayekukagua wa kwanza sio Uhamiaji, ni yule dada au kaka wa kaunta ya shirika la ndege, yeye akisema hupandi basi hupandi, hata kama una mjomba Uhamiaji.

Sababu ya ukali wao ni hela. Shirika likimbeba abiria asiye na vibali vya kuingia nchi fulani, kule linapigwa faini na linatakiwa limrudishe kwa gharama zake. Ndo maana wana sistimu inaitwa Timatic, ya IATA, ule umoja wa mashirika ya ndege duniani, wanaingiza uraia wako, unakoenda na unakopita, inawaletea masharti ya nchi husika. Hawabuni. Ukigombana na yule mtu wa kaunta unagombana na skrini.

NDEGE ZA NDANI

Hapa ni rahisi ila watu wanapachukulia poa mno. Mtanzania anayeruka Dar kwenda Mwanza, Arusha, Mbeya, Dodoma au popote humu humu ndani hahitaji pasipoti. Anahitaji kitambulisho halisi chenye picha, na vinavyozoeleka ni kadi ya NIDA, kadi ya mpiga kura, leseni ya udereva, pasipoti yenyewe, na kwa wengi kitambulisho cha kazi kinapita pia, hasa cha serikalini. Ndugu zetu wa Visiwani wana kile cha Mzanzibari Mkaazi, kinafanya kazi vizuri tu.

Sasa kuna kundi kubwa lina namba ya NIDA ila kadi yenyewe haijatoka, wanatembea na zile tarakimu 20 zimeprintiwa kwenye karatasi na kulaminetiwa. Ile karatasi inakusaidia kusajili laini na kufungua akaunti, ila kwa safari ya ndege usiitegemee peke yake, kwa sababu mtu wa kaunta anataka aangalie sura yako alafu aangalie picha, na namba haina sura. Shika kadi ya mpiga kura au leseni juu yake. Kama huna kabisa, pigia shirika kabla ya siku ya safari uwaulize barua ya serikali ya mtaa yenye picha iliyogongwa muhuri wanaikubali au la, usisubiri kuuliza ukiwa na begi kwenye mzani.

Na kopi sio kitambulisho. Picha ya kitambulisho iliyoko kwenye simu pia sio kitambulisho, ingawa kuna siku utamkuta mtu mwenye huruma akakuachia. Huruma haiandikwi kwenye tiketi.

Zanzibar wengi bado wananiuliza, eti kule si wana serikali yao, pasipoti haitakiwi? Haitakiwi kwa Mtanzania, ni safari ya ndani, kitambulisho kinatosha. Mgeni ndo anatakiwa awe na pasipoti yake mkononi, na tangu Oktoba 2024 mgeni anayeingia Zanzibar anatakiwa awe na bima ya safari ya kule kule, dola 44, kwa hiyo kama unampokea mzungu wako au rafiki yako kutoka nje mwambie mapema alipie onlaini asije akaanza kuhangaika pale uwanjani. Mgeni yeyote kwenye ndege ya ndani atembee na pasipoti yake halisi, na anayeishi nchini abebe na kibali chake cha ukaazi.

Kitu kingine, mlangoni tu pa kuingilia uwanjani wanataka waone tiketi, ya karatasi au ya kwenye simu, kwa hiyo usiingie kwenye foleni simu ina asilimia mbili ya chaji. Na hapo JNIA, uwanja wa ndege wa Dar, angalia tiketi imeandika jengo gani, maana toka jengo la tatu lifunguliwe 2019 safari za nje ziko kule, na ukishushwa na bodaboda jengo silo lako, kutembea na mabegi kwenye jua la saa saba sio mchezo.

JINA, JINA, JINA

Ningeambiwa nifundishe kitu kimoja tu ningefundisha hiki. Jina kwenye tiketi liandikwe kama lilivyo kwenye hati utakayoonyesha siku hiyo. Sio unavyoitwa mtaani, sio jina la Facebook, sio Mama Nani. Unakuta mtu anamtumia hela mdogo wake amkatie tiketi, mdogo mtu anaandika Mohamed, kwenye pasipoti ni Muhammad. Au bara kaandikishwa Hamisi, ndugu zake wa Unguja wanaandika Khamis, kwenye cheti cha kuzaliwa ni hivi, kwenye NIDA ni vile. Ramadhani na Ramadhan, Abdallah na Abdala, Josephat na Yosefati, yaani sisi huku majina yetu yanaandikwa kwa sikio la karani. Herufi moja mbili mashirika mengi wanarekebisha, wengine bure wengine kwa hela kidogo, ila ukitaka kubadili jina zima wanahesabu unampa mtu mwingine tiketi yako, na hilo karibu wote hawaruhusu, unanunua upya.

Alafu kuna suala la majina matatu. Fomu za tiketi zina sehemu mbili, jina lako na jina la ukoo. Mtanzania ana majina matatu, anajaza la kwanza na la pili, la ukoo analiacha, au anageuza kabisa anaweka la kwanza kwenye ukoo. Fanya hivi: fungua pasipoti, angalia chini kabisa ile mistari miwili yenye alama kama za mishale <<<. Jina linaloanza baada ya herufi za nchi (TZA) ndo la ukoo, yanayofuata baada ya alama mbili ndo majina yako mengine. Jaza hivo hivo, huwezi kukosea. Na ukiona tiketi imetoka imeandikwa HAMISI/ASHAJUMAMISS, yote yamegandana, usishtuke wala usipige kelele ofisini kwa watu, sistimu zao haziachi nafasi na zinabandika cheo mwishoni, ni kawaida.

Wadada mlioolewa, hii inawahusu. Kama pasipoti bado ina jina la kwa baba, tiketi na viza iwe ya jina la kwa baba, hata kama harusi ilikuwa ya nguvu. Cheti cha ndoa bebeni kama mna safari na mume na nchi hiyo inataka uthibitisho, ila cheti cha ndoa hakigeuzi jina la kwenye tiketi pale kaunta. Mkitaka jina jipya, badilisheni pasipoti kwanza, tiketi baadae.

Na kama NIDA na cheti cha kuzaliwa havisomani, hilo limalize huko huko kabla ya kuanza kuomba pasipoti. Wanasheria wana hati za kiapo na za kubadili jina, NIDA wana utaratibu wa kurekebisha taarifa, ila yote yanakula muda, sio kitu cha wiki ya safari.

PASIPOTI

Tanzania tuko kwenye pasipoti ya kielektroniki tangu Januari 31, 2018, zile za zamani zilishaondolewa kwenye mzunguko. Ada ya ile ya kawaida ni shilingi 150,000, na ya mtu mzima inadumu miaka 10. Unajaza fomu kwenye tovuti ya Uhamiaji, unapewa namba ya malipo, unalipia, unaprinti fomu, alafu unaenda mwenyewe na mwili wako, Kurasini kwa watu wa Dar au ofisi ya Uhamiaji ya mkoa wako, kwa sababu wanachukua alama za vidole. Hakuna cha kutuma mtu. Unaenda na cheti chako cha kuzaliwa (cha RITA, wale wanaosajili vizazi bara, au cha Zanzibar kama ulizaliwa kule), NIDA, picha, na ushahidi wa uraia wa mzazi, yaani cheti chake cha kuzaliwa au kiapo, na hapo kwenye mzazi ndo wengi wanakwama kwa sababu mzee alizaliwa kijijini miaka hiyo, cheti kitatoka wapi. Watakuuliza pia safari yenyewe ni ya nini, kwa hiyo kama una barua ya mwaliko, ya chuo au ya kikazi, ibebe.

Ushauri wangu, usiombe pasipoti kwa sababu una safari, iombe ukiwa huna. Ukiwa na safari unakuwa na haraka, na mtu mwenye haraka ndo anayeangukia kwa vishoka wa nje ya geti.

Ikishatoka, itunze. Ukurasa uliochanika, kava lililobanduka, maji ya mvua, mtoto kachora na peni, hiyo shirika linaweza kuikataa hata kama tarehe haijafika. Na tarehe yenyewe usiihesabu mpaka siku ya mwisho. Nchi nyingi zinataka ibaki angalau miezi 6, ila sio zote sawa: nchi za Schengen, zile za Ulaya zenye viza moja, zinataka iwe na miezi 3 zaidi ya siku utakayotoka kwao na iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, Afrika Kusini wao ni siku 30 baada ya kuondoka. Ukishika ile ya miezi 6 uko salama karibu kote. Kurasa tupu nazo ziwepo, mbili zinazofuatana ni vizuri.

Kama una viza ambayo haijaisha kwenye pasipoti ya zamani, ya Marekani kwa mfano, beba zote mbili. Usiichome moto ile ya zamani wala usiwape watoto wachezee.

NANI ANATAKA VIZA NA NANI HATAKI

Mtanzania anaingia Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi bila viza. Zambia na Malawi pia. Afrika Kusini unapewa mpaka siku 90 bila viza. Ila bila viza haimaanishi bila maswali, utaulizwa tiketi ya kurudi, unafikia wapi, una hela ya kula. Tiketi ya kwenda tu bila ya kurudi ndo inawatia watu matatani hapa hapa Dar kabla hawajafika kokote.

Hapa kuna kitu watu wanachanganya. Tangu 2014 Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wanatembeleana kwa vitambulisho vyao vya taifa, Mkenya anaruka Nairobi kwenda Kigali na kipande chake tu. Tanzania hatumo kwenye mpango huo. Kwa hiyo NIDA haikupeleki Nairobi kwa ndege, na Mkenya kuja Dar anatakiwa pasipoti. Ipo hati ya dharura ya safari, wengine wanaiita emajensi, wengi wanapita nayo mipakani kwa basi, ila kwa ndege uliza shirika lako kwanza.

Ukitoka hapo, Dubai, India, China, Uturuki, Uingereza, Marekani, Schengen yote, ni viza, na iwe mkononi kabla ya siku ya safari. Viza nyingi siku hizi ni za kielektroniki, inakuja kwenye emaili. Iprinti. Najua kuna simu, ila printi, na ukague namba ya pasipoti iliyoandikwa humo tarakimu kwa tarakimu, maana wakala akikosea namba moja viza hiyo ni ya mtu mwingine. Kwa Schengen ongeza bima ya safari isiyopungua euro 30,000, na karatasi zote ulizopeleka ubalozini (hoteli, barua ya kazi, taarifa ya benki, mwaliko) tembea na kopi zake kwenye begi la mkononi, sio kwenye begi linaloenda chini ya ndege. Ofisa wa kule anaruhusiwa kukuuliza upya yote, viza sio ahadi ya kuingia.

TRANSITI, HAPA NDO PANAPOUMIZA

Mtu anaona tiketi rahisi onlaini, inapita nchi mbili, anafurahi. Kwanza angalia inapita wapi. Ukibadilisha ndege Marekani, hata kama ni masaa mawili na unaelekea Canada au Mexico, unatakiwa viza ya Marekani ya kupita, hawana utaratibu wa kukuacha upande wa ndani. Uingereza nao, Mtanzania akibadilisha ndege Heathrow bila hata kutoka nje anatakiwa viza ya transiti, isipokuwa kama anaangukia kwenye misamaha yao. Schengen wao wana orodha ya nchi ambazo raia wake wanatakiwa viza hata ya kukaa ndani ya uwanja tu, Congo ya Kinshasa imo, Ethiopia na Somalia zimo. Kwa hiyo wenzetu wa Goma na Bukavu mkikata tiketi ya kupita Paris au Brussels, lisomeni hilo kabla ya kulipa.

Addis, Doha, Dubai, Nairobi, Istanbul kwa kawaida haina shida, ILA tiketi iwe moja. Hapo kwenye kuwa moja ndo pana mtego, na wafanyabiashara wa Kariakoo wanaoenda Guangzhou mnisikilize. Unanunua Dar kwenda Dubai shirika hili, alafu Dubai kwenda Guangzhou shirika lingine, kwa sababu ukijumlisha ni nafuu. Siku ya safari pale kaunta Dar wanaona safari yako inaishia Dubai. Watakuuliza viza ya Dubai. Wewe unasema mi napita tu, naenda China, viza hii hapa ya China. Kwao hupiti, unafika, kwa sababu begi lako litashukia Dubai, utatakiwa utoke uhamiaji ukalichukue ukalipimishe upya. Huna viza ya Dubai, ndege inakuacha, na ile tiketi ya pili nayo inakufa kwa sababu hukutokea. Ile laki mbili uliyookoa imekugharimu tiketi mbili. Ukilazimika kuwa na tiketi mbili, ama uwe na viza ya hapo kati, ama uende na begi la mkononi tu na upate uhakika wa shirika la pili kwamba utapewa bodingi pasi ukiwa ndani, na uhakika huo uupate kwa maandishi.

KADI YA NJANO

Chanjo ya homa ya manjano. Inaanza kuhesabiwa siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo kuchoma jana ukasafiri leo ni kazi bure. Tangu Julai 2016 cheti kimoja ni cha maisha, hata kama kimeandikwa miaka 10, usikubali kuambiwa urudie. Congo na Uganda wanaitaka kwa wageni wote, na Tanzania nayo inaitaka kwa anayetoka nchi zenye ugonjwa, ikiwemo Kenya na Uganda, kwa hiyo ukirudi nyumbani kutoka Entebbe usishangae kuulizwa. Cheti cha kununua bila kuchomwa sindano, achana nacho. Na wanaoenda Umra au Hija, Saudia wana chanjo yao ya homa ya uti wa mgongo, nayo iwe imepita siku 10 kabla ya kufika.

WATOTO

Ndani ya nchi mtoto anatembea na cheti cha kuzaliwa, na kichanga ambacho cheti hakijatoka beba tangazo la kizazi na kadi ya kliniki. Wanataka waone umri kwa sababu chini ya miaka 2 anapakatwa na analipa kidogo, juu ya hapo anatakiwa siti yake. Kumbuka kama anatimiza miaka 2 mkiwa huko, tiketi ya kurudi ni ya siti. Nje ya nchi kila mtoto ana pasipoti yake, hata wa miezi miwili.

Mzazi mmoja akisafiri na mtoto nje, au mtoto akisafiri na shangazi, bibi, mwalimu, shika barua ya ridhaa ya mzazi aliyebaki, iliyothibitishwa kwa wakili, na kopi ya kitambulisho chake na namba ya simu inayopatikana. Inapatikana kweli, sio iliyozimwa. Siku nyingine hawaulizi kabisa, siku nyingine mnawekwa pembeni mpaka baba apigiwe. Kama mzazi mwenzio alishafariki, cheti cha kifo.

WANAOENDA KAZINI UARABUNI

Binti anaenda Oman au Saudia kufanya kazi za ndani, ana viza na tiketi, bado Uhamiaji watamuuliza mkataba. Upite kwa wakala aliyesajiliwa, mkataba uwe umepitia mamlaka za kazi, bara ni TaESA (wakala wa serikali wa huduma za ajira) na Zanzibar wana zao, na kopi moja ibaki kwa ndugu nyumbani. Wakala anayekwambia "ukiulizwa sema unaenda kutembea", huyo hajakuandalia safari.

Wale mliochukua uraia wa nje, Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima, kwa hiyo kwa kawaida mnakuja na viza kama wageni wengine, ya kawaida dola 50 na Wamarekani dola 100, mnaomba kwenye tovuti ya Uhamiaji. Angalieni tovuti iwe ya serikali, inayoishia na go.tz, kuna za kuiga zinatoza mara mbili.

VITU VIDOGO VINAVYOSAHAULIKA

Mjamzito, ikifika wiki 28 hivi mashirika mengi yanaanza kutaka barua ya daktari inayosema wiki ngapi na kwamba yuko fiti kusafiri, na kwenye wiki 36 wengi hawambebi kabisa. Dawa, hasa za maumivu makali kama tramadol au zenye kodeini, Dubai wana sheria kali sana, shika cheti cha daktari na dawa iwe kwenye boksi lake, na angalia kama inatakiwa kuombewa kibali kabla.

Piga picha pasipoti, viza na tiketi, zitume kwenye emaili yako mwenyewe. Haitakupandisha ndege, ila ikipotea pasipoti ugenini ndo itakayokuokoa. Unaanza polisi wa kule upate ripoti ya upotevu, alafu ubalozi wetu, na kama nchi hiyo haina ubalozi wetu kuna ubalozi wa nchi jirani unaoihudumia. Watakupa hati ya dharura ya kukurudisha nyumbani. Ni ya kurudi, kwa hiyo kama ulikuwa unaunganisha kwenda nchi nyingine hiyo safari iahirishe, na kabla ya kukata tiketi ya kurudi uliza njia unayopita inaikubali hiyo hati, kwa sababu ile habari ya transiti inakuhusu hapo pia.